Nimpe nini shoga yangu wa tangu chuo? Kila nikimpa kitu yeye hurudisha maradufu

bi_mkubwa_wa_kuze

Assalam aleikum na habari za jioni nyote. Nisaidieni mawazo maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi nshachoka kusikiza.

Nina shoga yangu, Mtaita, tulijuana Poly pale Tudor mwaka wa 85. Wakati huo ni Mombasa Polytechnic, haya ya kuitwa Technical University yamekuja 2013 juzi tu. Tulikuwa kozi ya usekretari, taipu na hati mkato. Mimi mtoto wa Kuze nalala kwetu, yeye katoka Wundanyi na sanduku la bati hajui mtu, siku ya kwanza akaniuliza mbona chai ya huku ina chumvi, nikacheka na ndio tukaanza hapo. Mwisho wa mwaka huu anastaafu, ni karani wa shule ya sekondari huko huko kwao, anatimiza 60. Nataka nimfanyie kitu.

Mkitaka kujua ni mtu wa aina gani nawapa mawili tu. Mwaka wa pili babangu aliletewa posa yangu, mahari ishasemwa, na mzee hakuona haja ya mimi kumaliza kozi, ati hiyo taipu nitamchapia nani. Nililia wee mpaka macho yakafura. Huyu shoga yangu wallahi sikumtuma, Jumamosi nikamuona huyo kaja nyumbani, kajifunga leso juu ya sketi na nyengine kajitanda, kakaa jamvini mbele ya mzee akala wali na mchuzi wa papa kama mtu wa nyumba, alipomaliza kunawa akasema kwa Kiswahili chake cha milimani, Baba mimi Mombasa sina ndugu, huyu mkimtoa chuo ntabaki na nani, nipeni mpaka mtihani. Nipeni! Kama anaazima sufuria. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akasema haya, mpaka mtihani. Nikafanya mtihani, nikaolewa baadaye na yuleyule mchumba na alikuwa mume mwema, lakini cheti kile ndicho kilichokuja kunilelea watoto.

La pili. Mume wangu alifariki 2004 na nikakaa eda, miezi minne na siku kumi sitoki. Huku nje kuna mafao ya marehemu ya kufuatilia, na kuna ofisi moja sitaitaja, kila akienda ndugu wa mume anaambiwa faili haionekani. Shule zilipofungwa mwenzangu akashuka. Hakuja kulia na mimi, alikuja na bahasha ya kaki. Kila barua ina kopi, kila kopi imegongwa muhuri wa kupokewa na tarehe, na karani akimwambia njoo kesho yeye anatoa daftari palepale mbele yake anaandika jina la karani na saa. Kwa upole kabisa, na tabasamu. Faili ikaonekana jamani, tena ilikuwa mezani! Jioni anarudi anaosha vyombo vya matanga, anasuka nywele za binti yangu, usiku tunaongea mpaka tunalala.

Sasa taabu yangu ni moja. Huyu mtu hapokei kitu kikakaa. Nikimtumia elfu mbili kwa Mpesa nikamwambia ya sukari, wiki haishi nishapigiwa simu na makanga niende Mwembe Tayari kuna gunia langu, nikifungua maharagwe, maparachichi, viazi, na kabichi nne juu. Nilimpelekea blanketi akanitumia mbuzi. Mbuzi! Na mimi nakaa ghorofa ya tatu.

Mwanangu wa kiume ataka tumfanyie sapraizi hoteli ya Nyali. Binti yangu asema pete ya dhahabu, na bei ya dhahabu sa hizi mwaijua wenyewe. Mimi nataka kitu ambacho hawezi kunirudishia. Nimpe nini?

kisauni_finest

mathe miaka 40 si mchezo!! fanya pati ya nguvu bichi, keki, dijei, picha za droni. mwite na machozi yatamtoka. mimi nakubaliana na kijana wako

fundi_wa_pindo

Waaleikum salaam mamangu. Hao vijana waache. Mpe leso.

Najua utasema leso kila mtu hupewa, lakini nisikize. Nenda Biashara Street asubuhi kabla jua halijawa kali na usiingie duka moja ukatoka na ya kwanza. Shika kwa vidole, kuna hizi za siku hizi zateleza, hizo si pamba, ukifua mara mbili zatoa nyuzi. Wewe taka pamba tupu, ile ukiishika mpya yakwaruza kwa wanga, na ukingoni pana yale maandishi ya K.H.E. Mali ya Abdulla ambayo nyanya zetu walikuwa wayatafuta kwanza kabla ya kutizama rangi. Halafu SOMA JINA. Sirudii. Kuna mtu namjua alimpa wifi yake leso nzuri ya rangi ya zambarau hakusoma jina, lilikuwa fumbo la kumpasha mtu, mpaka leo hawasemezani. Kuna Wema Hauozi, kuna Akufaaye Kwa Dhiki Ndiye Rafiki, ya namna hiyo.

Na usimpelekee doti jinsi ilivyo kutoka dukani. Ifue utoe wanga, ikate, ipinde kwa mkono wako mwenyewe pande zote, si kwa cherehani. Mtu aliyesoma taipu ana macho, akiona ule mshono mdogo mdogo atajua ulikaa nayo. Hiyo mbuzi hawezi kuilipa.

mstaafu_wa_kilindini

Mimi nimestaafu, nazungumza kwa ujuzi. Pati ya kustaafu ni kitu cha waliobaki kazini, si cha anayeondoka. Watu wanakula pilau, wanakupa saa ya ukutani na sufuria, wanakupiga picha, kesho yake wanakalia kiti chako. Nyumbani kwangu ziko saa za ukutani tatu na zote zinasema nyakati mbalimbali.

Bibi, kama unataka kumfaa fikiria mambo ya kuchosha. Akiwa kazini SHA, ile bima ya afya ya serikali, anakatwa kwenye mshahara, 2.75 kwa mia, hata haoni. Akitoka anahesabiwa kama asiyeajiriwa, anapimwa kipato, chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima. Kwa hiyo 3,600 kwa uchache. Watu wengi hutoka kazini wakasahau, wanakumbuka wakiwa kitandani hospitali. Mwambie mapema, *147# kwa simu inafanya. Na NSSF, ile akiba ya uzeeni, aanze kuifuatilia kabla hajarudisha funguo za ofisi, asingoje.

Jambo la pili, na hili hakuna aliyeniambia mimi. Siku ngumu si ile ya sherehe. Shule ni mihula, sivyo? Desemba ataona ni likizo ya kawaida. Ile Jumatatu ya Januari shule zinafunguliwa, ataamka saa kumi na moja kama kawaida, atachemsha maji, halafu hana pa kwenda. Na simu inanyamaza. Mtu aliyekuwa anapigiwa na wazazi, walimu, wauzaji wa maharagwe ya shule, wakaguzi, kwa ghafla hata yule wa kukosea namba hapigi. Mimi wiki ile nilikuwa natoka naenda kukaa Mama Ngina natizama meli zikiingia, najua ratiba zake vizuri kuliko waliokuwa kazini.

bi_mkubwa_wa_kuze

@mstaafu_wa_kilindini ahsante sana baba, hilo la Januari limeniingia. Ila la NSSF na mafaili hahaha huyo ndiye atakayekufundisha wewe, nna hakika bahasha yake ya kaki ishakuwa tayari tangu mwaka jana.

@kisauni_finest mwanangu yule hapendi kutizamwa. Siku ya harusi yake mwenyewe alikuwa jikoni ahesabu sahani. Ukimletea dijei atauliza nani amelipa stima.

@fundi_wa_pindo leso nimeipenda, na kupinda kwa mkono naweza ingawa macho haya ntahitaji binti anitungie uzi.

kisauni_finest

sawa mathe nimekubali yaishe. lakini hujatuambia mbuzi alienda wapi

bi_mkubwa_wa_kuze

Kwa kakangu Likoni. Nilivuka naye feri, mtu wa miguu halipi na mbuzi hakuulizwa. Sasa wako watano na kakangu ajifanya hasikii nikiuliza.

mdawida_wa_mikindani

Mimi ni Mtaita, nimezaliwa Mwatate, niko Mikindani miaka mingi. Bibi nakuheshimu lakini swali lako limenishangaza kidogo. Unataka kitu ambacho hawezi kurudisha, kwa nini? Asirudishe ili iwe nini, hesabu ifungwe? Hata nyinyi hapa Mombasa Ramadhani sahani ya futari ikitoka kwa jirani haimrudii tupu, mtu atatia hata tende tatu. Mimi ni mkristo na majirani zangu wa Mikindani wamenizoesha hivyo, nikipokea viazi vya nazi mie narudisha chapati. Sasa kule kwetu ni vivyo hivyo. Hilo gunia la maharagwe usilione ni kulipa. Mtu wa Wundanyi akikutumia maharagwe amekwambia mvua ilikuwa nzuri, shamba lipo, mimi mzima. Akiacha kutuma ndio uulize.

Kwa hivyo mimi nakuuliza wewe, umewahi kwenda kwake? Si kwenye harusi, si kwenye msiba. Kwenda tu ukakaa.

bi_mkubwa_wa_kuze

Kwenda nimeenda, harusi yake, alipozikwa mamake, na mwanawe alipochumbia. Lakini kukaa tu bila shughuli, hilo halijatokea, maana yeye ndiye aliyekuwa akishuka. Alikuwa na likizo za shule, mimi nilikuwa na ofisi ya forodha huku bandarini na watoto wadogo, ikawa ndio mazoea. Zamani akija kwa lile gari la moshi la zamani, thadi klasi, wateremka asubuhi pale stesheni wamejaa vumbi jekundu la Voi mpaka kwenye nyusi, nami nipo nje na chupa ya chai.

mdawida_wa_mikindani

Basi umejipatia jibu. Nenda wewe. Na nenda hiyo Januari aliyosema mzee wa Kilindini, Jumatatu ile ikukute kwake. Usiende siku mbili kama mgeni, atakupikia kuku na kukukalisha kwenye kochi lenye kitambaa. Kaa wiki au zaidi, siku ya tatu kuku wanaisha na unaanza kuambiwa chambua mboga, hapo ndio mnaongea. Mwambie akufundishe kusonga kimanga. Maharagwe na muhogo, mwingine anatia ndizi au boga, yachemke mpaka yalegee halafu unaponda na mwiko, na si kazi ya mtoto, mkono utakuuma. Kile chakula hakipikwi kwa mtu mmoja, kwa hiyo mtu akistaafu na watoto wako Nairobi huwa anakiacha. Ukiwepo atakipika.

fundi_wa_pindo

Mdawida umesema kweli mpaka nimeona haya. Lakini leso abebe bado eh! Mtu haendi mikono mitupu.

sekretari_wa_zamani

Habari zenu. Nimesoma hapa kimya lakini nimeshindwa kupita kwa sababu mimi pia ni wa taipu na hati mkato, si Poly ila chuo chengine cha mjini, miaka ya 80 mwishoni.

Dada, nyinyi wawili mlikuwa mkiandikiana barua? Na mlikuwa mkitia hati mkato mle ndani? Maana sisi ndivyo tulivyokuwa. Sehemu ya salamu tunaandika kawaida, mamako akifungua asome, halafu katikati mistari miwili mitatu ya vijiti na vidoti, hapo ndio penye habari zenyewe.

Kama ndio, mwandikie barua ya shukrani kwa hati mkato. Yote. Ukurasa mzima. Usimwambie kwa mdomo, watu wa umri wetu tukianza kuambiana ahsante uso kwa uso mmoja atasema aa ni nini bwana na mwengine atakwenda kutizama chungu. Na usimwandikie kwa wasap maana wajukuu wanashika simu. Ile barua hakuna mtoto wala mjukuu wala mchungaji wa kule atakayeisoma ila yeye peke yake.

kisauni_finest

hati mkato ndio nini jamani si mfafanue na sisi

sekretari_wa_zamani

@kisauni_finest ni maandishi ya mkato mwanangu, bosi akizungumza wewe unaandika haraka sawa na anavyosema. Yetu ilikuwa ya Pitman, Muingereza aliyeitoa 1837. Huandiki herufi, unaandika sauti. Kijiti chembamba kilichoinama mshazari ni P, kijiti hicho hicho ukikikandamiza kikawa kinene ni B. T ni kijiti kimesimama chembamba, D ni kinene. Irabu ni vidoti na vistari pembeni, na ukiwa na haraka unaziacha kabisa, msomaji atajijua. Ilikuwa ya Kiingereza lakini kwa vile ni sauti, Kiswahili chaingia bila tabu, pengine kuliko Kiingereza chenyewe.

mstaafu_wa_kilindini

Nathibitisha. Bosi wetu alikuwa anasema haraka huku anatafuna kashata, sisi makarani hatupati hata neno, na bibi mmoja kakaa pembeni na daftari anachora vijiti bila kuinua kichwa. Baadaye anamsomea alichosema mpaka na pale aliposema "nani amechukua kashata yangu".

bi_mkubwa_wa_kuze

Sekretari wa zamani wewe umenijuaje? Barua zetu zilikuwa hivyo hivyo. Alipopata ujauzito wa kwanza mimi ndiye niliyejua kabla ya mamake, kwa vijiti, na nilikuwa nimekaa na mama mkwe sebuleni nasoma na uso nimeukausha.

Jana usiku nimejaribu. Nikachukua daftari la mjukuu na peni nikaandika "shoga yangu mpenzi" nikakwama kwenye mpenzi, vijiti vyangu vyote ni unene mmoja, nikisoma mwenyewe siwezi kujua nimesema pwani au bwana. Ntaharibu, badala ya kumshukuru ntamtukana. Kuna mtu ana kile kitabu cha Pitman? Au wajua wapi wauza vitabu vikuukuu hapa mjini wanavyo bado?

Na nimeshawaambia watoto. Wa kiume kanuna kidogo kwa ajili ya hoteli yake, nikamwambia hizo fedha za hoteli nikatie tiketi ya treni, na akamlipie auntie yake SHA ya mwaka kimyakimya kama itawezekana, akiuliza asijibu. Akakubali upesi sana, ni rahisi kuliko hoteli.

sekretari_wa_zamani

Kitabu ninacho, kimetoka jalada na kurasa za mwanzo zimeliwa na mende lakini sehemu ya vijiti ipo yote. Nitumie ujumbe wa faragha nikupigie kopi. Ila usitumie peni! Peni ndiyo inayokuharibia, haina unene na wembamba. Chukua penseli laini, iliyoandikwa B au 2B, si HB ya shule, na daftari lenye mistari. Uandike polepole wala usijali spidi, hakuna anayekusomea. Na zile irabu zitie zote, mwenzio naye atakuwa amesahau nusu. Akikwama neno lazima akuite umsomee, na hiyo pia si mbaya.

mdawida_wa_mikindani

Chukua treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati, ushuke Voi. Kutoka Voi matatu za Wundanyi ziko, zinapita Mwatate halafu zinaanza kupanda, kaa upande wa dirisha lakini kama unaogopa kona usitizame chini. Beba sweta. Najua mtasema Januari ni jua kali, ndiyo huku kwenu, kule juu jioni ukungu unashuka na watu wa Mombasa hutetemeka tukawacheka. Soksi pia. Na umpelekee mahamri na mbaazi za nazi kwenye chombo kinachofunga vizuri, Mtaita aliyesoma Mombasa hajawahi kupona mbaazi.

fundi_wa_pindo

Na leso!!

bi_mkubwa_wa_kuze

Leso nshanunua leo asubuhi bi fundi, pamba tupu, Wema Hauozi, nyekundu na nyeusi. Nimekata, sijaanza kupinda. Mahamri ntapika usiku ule ule wa kusafiri. Mbaazi naogopa kumwagika ila ntajaribu. Sasa imebaki kufika hiyo stesheni ya Miritini alfajiri na mizigo yote hiyo.

kisauni_finest

mathe mimi nina tuktuk. nakupitia kuze saa kumi na moja alfajiri nakupeleka mpaka getini na mizigo nakubebea, bei ya mtaa

bi_mkubwa_wa_kuze

Bei ya mtaa ni ngapi? Taja hapa hapa mbele ya watu, nawajua nyinyi.